Nimepona taifodi, sasa kisigino ndicho kinaninyima mbio

Kwako Kocha,

Salamu kutoka Umoja. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 43, na ninafanya kazi ya uhasibu katika kampuni moja Industrial Area. Nilianza kukimbia baada ya kuambiwa presha yangu imeanza kupanda, na mazoezi yakanikolea. Jumamosi alfajiri tunakutana majirani pale Moi Drive, tunashika Outering Road, tunarudi kabla matatu hazijachachamaa. Mwaka jana nilimaliza kilomita 10 za Nairobi Marathon, mwaka huu nimejisajili zile 21 za mwishoni mwa Oktoba. Nimeshalipa.

Mwezi wa sita tulikwenda mazishi mashambani. Niliporudi nikashikwa na homa, kichwa kikawa kinagonga na tumbo halitulii. Kwenye kliniki ya mtaani nilitolewa damu, nikaambiwa ni taifodi, nikapewa siprofloksasini, miligramu 500 asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Naandika jina la dawa kwa sababu karatasi bado iko kwa mkoba wangu. Sijui kama ina maana yoyote kwako. Dozi niliimaliza yote. Homa ikaisha, hamu ya chakula ikarudi, ila nilikuwa nimekonda mpaka sketi zinanizunguka kiunoni.

Mara tu nilipomaliza dawa nikarudi kwa kikundi. Nilidhani pumzi ndizo zitanisumbua, kumbe zilirudi upesi. Haukupita muda nikamaliza kilomita 8 na wenzangu bila kuachwa nyuma. Kesho yake nikishuka kitandani, mguu wa kulia ukakataa. Maumivu yako nyuma, vidole viwili au vitatu hivi juu ya kisigino, kwenye ule mshipa mnene. Nikitembeatembea panalegea. Nikikimbia maumivu yanapotea njiani, halafu jioni yanarudi na rafiki zake. Tunaishi ghorofa ya nne na lifti hakuna, kwa hiyo asubuhi nashuka ngazi nikishika ukuta. Juzi nimehisi hata wa kushoto unavuta kwa mbali.

Kila mtu ana ushauri. Mwenzangu mmoja anasema mguu umezoea kulala, nikimbie tu utazoea. Mwingine anamjua mtu wa kunidunga sindano hapo hapo panapouma. Yeye alidungwa goti na hakukaa akarudi barabarani. Mimi nimekuwa nikimeza diklofenaki kabla ya kukimbia, na kweli inanisaidia. Baba watoto naye anasema nimshukuru Mungu nimepona, niachane na mbio, umri umekwenda.

Kocha, naweza kukimbia hizo 21? Sindano nikubali? Na mtu aliyetoka kuugua akitaka kuanza upya, anaanzia wapi? Kusema kweli naogopa nikisimama sasa sitarudi tena.

Mama Wawili, Umoja

*

Dada yangu Mama Wawili,

Pole kwa kuugua, na pole tena kwa hicho kisigino. Umeniuliza maswali matatu, lakini nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa maana ndilo linaloamua mengine yote. Ile karatasi iliyo kwa mkoba wako, usiitupe.

Siprofloksasini huua vijidudu vya taifodi, na wengi wetu tumewahi kuimeza kwa ajili ya tumbo au mkojo. Lakini dawa hiyo na nyingine za ukoo wake zinajulikana kudhoofisha kano, yaani zile kamba ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa, na kano inayoshambuliwa mara nyingi kuliko zote ni hiyo inayoshika kigimbi na mfupa wa kisigino. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa zote za ukoo huo zibebe onyo la ngazi ya juu kabisa kuhusu kuvimba na kukatika kwa kano. Tatizo linaweza kuanza siku chache baada ya kumeza kidonge cha kwanza, na linaweza pia kujitokeza wiki au hata miezi baada ya kumaliza dozi. Mara nyingi miguu yote miwili huhusika. Ndiyo maana niliposoma kwamba wa kushoto nao umeanza kuvuta, nilirudi juu kusoma tena jina la dawa.

Wengi huimeza na kumaliza salama, hilo nalo lazima nilisema. Wala siwezi kuapa kwa barua kwamba dawa ndiyo iliyokuumiza, kwa sababu kutoka kitandani hadi kilomita 8 kwa muda mfupi namna hiyo kunatosha peke yake kuumiza kano ya mtu yeyote. Ila kwako mambo hayo mawili yamekutana. Mpaka mtu aliyesomea akushike mguu na kuupima, chukulia kwamba kano zako ni dhaifu kuliko unavyozihisi. Simamisha mbio leo. Jumamosi hii usikimbie.

Wiki hii nenda hospitali na ubebe karatasi hiyo. Mwambie daktari ulimeza nini, ulianza lini, ulimaliza lini, maumivu yalianza lini, kisha omba utumwe kwa fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi. Mama Lucy Kibaki si mbali nawe, huna haja ya kuvuka jiji. Wakiona inafaa watakupiga picha ya ultrasaundi waangalie kama kuna nyuzi zilizochanika. Omba pia iandikwe kwenye faili yako kwamba ulipata shida ya kano baada ya dawa hiyo, ili siku nyingine upewe ya ukoo mwingine. Na ukiwa dukani kwa mwuza dawa, soma pakiti mwenyewe: majina yao karibu yote huishia kwa herufi hizi, floxacin. Taifodi ina dawa nyingine na madaktari wanazijua.

Kama kuna msomaji ambaye bado yuko katikati ya dozi na kisigino kimeanza kuuma, arudi kwa aliyemwandikia siku hiyo hiyo ili abadilishiwe. Asiache dawa kimyakimya akabaki na taifodi iliyotibiwa nusu.

Sindano, hapana. Sindano nyingi za viungo hudungwa zikiwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Goti ni kiungo chenye nafasi ndani yake, na huko daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuidunga. Kwenye kano ya kisigino, steroidi inaweza kuilainisha mpaka ikatike, na hatari hiyo huongezeka kwa mtu aliyemeza dawa kama yako. Nakuomba sana usikubali, hata ukidungwa bure, hata aliyependekeza akiwa rafiki wa kufa kuzikana.

Diklofenaki nayo iweke chini. Unasema inakusaidia, na hapo ndipo hofu yangu ilipo: inakunyamazishia mguu wakati ambapo unahitaji kuusikia. Tena wewe uliingia kwenye mbio kwa ajili ya presha. Dawa za aina hiyo hupandisha presha, na zinachosha figo, hasa mtu akiimeza kisha akakimbia akatokwa jasho bila maji ya kutosha. Maumivu yakikuzidi usiku, panadol itakustahi zaidi. Ukiwa hospitali, waombe wakupime presha pia.

Kuna ishara ambazo hazingoji miadi. Ukisikia kitu kimelia nyuma ya mguu, au ukahisi kama umepigwa teke na ukigeuka hakuna mtu, kisha ukashindwa kuinuka kwa vidole, kano huenda imekatika. Hospitali saa hiyo hiyo, usiukanyagie. Na kwa kuwa ulilala sana ulipougua, kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma hata ukikaa, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda mshipani. Pumzi zikikukatika pamoja na hilo, ni dharura.

Sasa turudi kwa hizo pumzi zako zilizorudi upesi, maana hapo ndipo wakimbiaji wengi wa hapa jijini wanapoumia baada ya ugonjwa. Mtu akikaa kitandani, maji ya damu hupungua ndani ya siku chache, moyo unapata kidogo cha kusukuma, na ngazi moja tu inamfanya ahemee juu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo tunaisikia zaidi. Akianza kula, kunywa na kutembea, sehemu hiyo hujijenga upya haraka. Anakimbia, anaona hahemi, anasema nimerudi. Lakini kano haina damu nyingi kama msuli, inajijenga polepole, na wiki za kulala huipunguzia nguvu bila mwenyewe kuhisi lolote. Katika kukimbia, kano ya kisigino hubeba mzigo unaofika mara sita hadi nane ya uzito wa mwili, kila hatua. Kwa hiyo mapafu yako yalikuwa ya mwezi wa tano na kano zako zilikuwa za mgonjwa aliyetoka kitandani juzi. Ukiwauliza mapafu kama uko tayari, watakujibu ndiyo mapema mno. Muulize kisigino, na umuulize asubuhi.

Kipimo cha asubuhi ni rahisi. Zile hatua za kwanza kutoka kitandani hadi bafuni, zipe alama kutoka sifuri hadi kumi, uziandike kwenye kalenda ya ukutani. Maumivu madogo wakati wa zoezi, yasiyozidi tatu, yanavumilika iwapo kesho yake asubuhi alama iko palepale au imeshuka. Ikiwa imepanda, ulichofanya jana kilizidi, hata kama jana hukusikia kitu. Kwa kano iliyoguswa na dawa, mimi ningekuwa mkali kuliko hivyo kwa wiki za mwanzo: zoezi lisiumize zaidi ya mbili.

Wiki hizo za mwanzo, kazi yako ni kuipunguzia kano mzigo bila kuilaza kabisa. Mwombe fundi viatu wa mtaani akukatie vipande viwili vya soli ngumu ya unene wa sentimita moja hivi, uvitie chini ya visigino ndani ya viatu vyote viwili. Kisigino kikiinuka kidogo, kano haivutwi sana. Usitembee peku kwenye sakafu baridi asubuhi. Vaa malapa yenye kisigino kabla hujaukanyaga mguu. Usijinyooshe kwa nguvu ukisukuma ukuta kama tunavyozoea kufanya kabla ya mbio, na usimpe mtu akusugue hapo panapouma na dawa ya kuchua. Kutembea kwenye tambarare ni ruhusa. Ngazi za ghorofa ya nne hutazikwepa, lakini waweza kupanda mara chache: sokoni mtume kijana, vitu vya kutoka navyo jioni shuka navyo asubuhi.

Fizio akisharidhika kwamba hakuna kilichochanika, zile ngazi zitageuka kuwa chumba chako cha mazoezi. Kwa kawaida huanza hivi. Shika reli, simama kwa miguu yote miwili, inuka kwa vidole mpaka nusu ya njia, kaa hapo sekunde 30 hadi 45, shuka, pumzika dakika mbili, rudia mara nne au tano. Inachosha kigimbi ila kano haichezi sana, na wengi husema maumivu hupungua baada yake. Likizoeleka, unaanza kupanda na kushuka: sekunde tatu juu, sekunde tatu chini, polepole kiasi kwamba mtoto anayepita ngazini atakuuliza unafanya nini. Raundi tatu za mara 15, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Baadaye unapanda kwa miguu miwili na kushuka kwa mmoja, kisha mguu mmoja peke yake, kisha begi mgongoni lenye pakiti mbili za unga. Kwa kuwa maumivu yako yako juu ya kisigino na si pale kano inaposhika mfupa, mwishoni utaweza kusimama ukingoni mwa ngazi na kuacha kisigino kishuke chini yake. Anayeumwa pale mfupani asifanye hilo la mwisho, aishie sakafuni.

Zoezi la kushusha kisigino ngazini lilienezwa na daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, mwaka 1998, na yeye aliwapa wakimbiaji wiki 12. Nakutajia hizo wiki ili usije ukaacha ya tatu ukisema haifanyi kazi. Kwa aliyemeza dawa kama yako, zinaweza kuzidi.

Lini utakimbia? Mimi nataka uone mambo matatu kwanza. Utembee kwa haraka nusu saa nzima na asubuhi yake alama isipande. Uinuke kwa mguu wa kulia peke yake mara nyingi karibu sawa na wa kushoto, na wa kushoto wenyewe usiwe umedhoofika. Uruke kijiruko kidogo mahali pamoja bila kuuma. Hayo yakitimia, anza na dakika moja ya mbio za polepole na dakika mbili za kutembea, kwa dakika kama ishirini, kisha urudi nyumbani ukiwa bado una hamu. Hiyo hamu itakutesa, najua. Siku inayofuata usikimbie hata ukijisikia mzima, kwa sababu baada ya mzigo kano hubomoka kwanza kisha ndiyo ijijenge, na kwa saa 24 hadi 36 hivi ubomoaji huwa mbele ya ujenzi. Ukikimbia kila siku unaikuta haijamaliza. Mara tatu kwa wiki zinatosha kabisa.

Ongeza dakika za mbio kabla ya kuongeza kasi, na kasi kabla ya milima. Milima huvuta kano kuliko kitu kingine, kwa hiyo msitu wa Karura usubiri. Najua njia zake ni za murram na hewa yake ni safi kuliko moshi wa Outering, ila mteremko wa kwenda kwenye maporomoko ya maji lazima uupande kurudi. Tafuta uwanja wa shule uliokauka, au uzunguke tambarare ya Jacaranda siku isiyo na mkutano. Matope na mchanga laini viepuke pia, kisigino huzama na kano huvutwa.

Viatu: wengi tunanunua raba za mitumba Gikomba au Toi, na sina neno, nyingine ni nzuri mno. Lakini sponji ya ndani huzeeka hata kama juu panang'aa. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao na imejaa mikunjo, kimekwisha. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma, kikiinama upande mmoja ujue mwenye nacho wa kwanza alikuwa na mguu wake na wewe una wako. Kwa sasa epuka raba bapa, zile zisizo na tofauti kati ya kisigino na vidole.

Upande wa ugonjwa wenyewe usiusahau. Taifodi huweza kurudi wiki mbili tatu baada ya dawa, kwa hiyo homa ikijitokeza tena, au tumbo likashika kwa ukali, rudi hospitali. Kipimo kile cha damu cha haraka kinachotumika kwenye kliniki nyingi hudanganya mara kwa mara. Wakati mwingine omba damu ioteshwe maabara, jibu lake lina uhakika zaidi ingawa linachukua siku kadhaa. Mtu yeyote aliyetoka kwenye homa asikimbie siku ambayo joto bado lipo, wala siku ambayo limeshushwa na vidonge. Asubuhi kabla hujainuka kitandani hesabu mapigo ya moyo nusu dakika, zidisha kwa mbili. Yakizidi kawaida yako kwa kumi hivi, mwili bado unapigana na kitu. Siku hiyo tembea tu. Na mtu akihisi maumivu ya kifua, moyo kurukaruka au kizunguzungu akiwa katika mbio baada ya ugonjwa, asimame na akapimwe moyo kwa ECG kabla ya kukimbia tena. Homa nyingine huacha uvimbe kwenye msuli wa moyo, na hapo kujikaza kunaweza kuua.

Wewe umekonda, na ni mwanamke ambaye huenda bado anapata hedhi. Omba hospitali ikupime damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini, kile kinachobeba oksijeni kwenye damu, ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na sisi wa nyanda za juu tunatakiwa kuwa juu kidogo ya hapo. Maharagwe, ndengu, omena, maini na managu vitasaidia, ukivila na chungwa au ndimu. Chai isogeze mbali na chakula kwa saa moja au zaidi, maana huzuia madini ya chuma kuingia mwilini, na sisi Wakenya hapo ndipo tunapojinyima bila kujua. Protini pia: yai, maziwa, dengu, nyama ukiipata. Kano haijengwi kwa chai na mkate.

Haya, Oktoba. Dada yangu, kilomita 21 mwaka huu hapana. Nimezipiga hesabu kila upande. Kati ya sasa na mwisho wa Oktoba kuna muda wa kuituliza kano, kuianzishia mazoezi na labda kufika kwenye hizo mbio za dakika moja moja. Hakuna muda wa kuijengea kilomita 21 za lami ya Southern Bypass. Pesa ya usajili imeshatoka mfukoni ukimbie au usikimbie, kwa hiyo isikuamulie. Fizio akikuruhusu, zipo kilomita 5 za familia siku hiyo hiyo. Nenda na watoto, mzitembee.

Hofu yako ya kutorudi naielewa, na siichukulii kama jambo dogo. Mtu akishaonja alfajiri za namna hiyo, kuambiwa akae ni kama kunyang'anywa. David Rudisha aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 pale London mwaka 2012, dakika 1:40.91. Mwaka uliofuata goti likamtoa kwenye mashindano ya dunia ya Moscow, yeye akiwa ndiye bingwa mtetezi. Aliporudi mwaka 2014 hakuwa yule yule. Glasgow, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Nijel Amos alimpita. Akaendelea kujijenga, akachukua dhahabu Beijing 2015 na nyingine Rio 2016. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, mwaka uliofuata akapata medali ya fedha kwenye mashindano ya dunia ya Doha, na Tokyo akatetea dhahabu yake ya Olimpiki. Hao ni watu ambao mbio ndizo ugali wao, na bado walikubali kungoja.

Kwa baba watoto, mwambie nampa heko kwa kukuhurumia, lakini miaka 43 si umri wa kustaafu mbio, na presha yako inazihitaji. Nenda naye kwa fizio siku ya kwanza. Akiyasikia mazoezi kutoka kwa mtaalamu, jioni atakuwa ndiye anayekukumbusha ngazi.

Na kikundi usikitoroke. Jumamosi shuka Moi Drive na wenzako, chunga mikoba, shika saa, tembea mwendo wako mpaka daraja la kwanza la Outering na urudi bila kulipanda. Huyo mwenye sindano mwonyeshe barua hii kabla hajampeleka mwingine.

Kocha